Unapanda meli ya kitalii kikazi? Soma hii kwanza

Wengi mnaniuliza siku ya kwanza melini inakuwaje, basi nawamegea ninachokijua.

Meli nyingi hupandiwa Miami. Viza ya baharia ni C1/D, siyo ya kutembea. Mimi nashauri ufike siku moja kabla, maana meli haikusubiri wewe. Pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha daktari, cheti cha usalama (STCW) na mkataba viwe begi la mkononi.

Ukishapanda utaoneshwa kituo chako cha kukusanyika wakati wa dharura. Usilete mzaha hapo: Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia Januari 2012, walikufa watu 32, na abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi.

Sasa kubwa kuliko yote: wakala akikutoza hela ya kutafutiwa kazi, kimbia! Mkataba wa MLC wa 2006 unakataza. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Wewe unaweza kulipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari tu. Viza ni juu ya mwenye meli. Msiuze kiwanja cha mzee, jamani!

Mwenye swali aulize.