Takwa: Nenda na Maji, Urudi na Maji

Ndugu msomaji, siku utakapofika Lamu ukabakiwa na siku moja ya ziada, usiimalize yote forodhani ukihesabu punda. Tafuta mashua, vuka mkondo uende kisiwa cha pili, Manda, ukaone magofu ya Takwa. Nimeamua kuyaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, vitabu vyetu vya historia vikishataja Gede na Fort Jesus huona vimeimaliza pwani yote, na Takwa huachwa nje. Pili, nilifanya kosa huko ambalo wanachama wenzangu hawajanisamehe hadi leo, nami nimeonelea heri nilieleze mwenyewe kabla mhariri hajalieleza kwa namna yake.

Kosa lenyewe ni hili. Katika safari yetu ya Agosti mimi ndiye niliyekabidhiwa maji. Lilikuwako dumu moja la lita 20, limejaa pomoni, na kazi yangu ilikuwa kulitia mashuani. Nikaliweka gatini nipate kumshika mkono mwenzangu aliyeogopa kuruka, kisha nikaruka mwenyewe. Dumu likabaki. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne na mwalimu mlezi wa chama, na tulikuwa tunaelekea mji ambao, kwa maelezo ya wataalamu wengi, ulikufa kwa kukosa maji.

Lakini tuanze mwanzo, maana safari ya Takwa haianzi asubuhi ya safari. Inaanza siku kadhaa kabla, kwa kutazama mwezi.

Magofu yako upande wa kusini wa Manda, mwisho wa hori refu, yaani mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu na kukaribia kukikata kisiwa vipande viwili. Kote kandokando ni mikoko. Maji yakijaa, hori linapitika na mashua inakufikisha karibu kabisa na mji. Yakipwa, hapana hori tena. Pana tope, mizizi na kaa. Kwa hiyo mtu hapangi kwenda Takwa saa atakayo yeye, bali saa ambayo maji yanaruhusu.

Hesabu yake si ngumu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Maana yake kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Sababu ni mwezi: dunia ikimaliza kujizungusha kwa saa 24, mwezi nao umekwisha kusogea mbele kidogo, na dunia hulazimika kuufuata. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja na tunapata bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake na tunapata maji mafu.

Sasa, katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Ukienda Takwa siku hiyo utaingia jioni na kutoka gizani. Siku nzuri ni zile za katikati, maji yakijaa adhuhuri. Mwalimu alimwuliza nahodha wetu kama ana jedwali la maji kwenye simu. Mzee yule akacheka, akasema, "Leo mwezi kumi na moja, mwalimu. Maji yatajaa saa sita u nusu." Nilipiga hesabu baadaye darasani, kwa kurudi nyuma siku nne kutoka mwezi mpevu, dakika 50 kila siku. Jibu langu lilitofautiana na lake kwa dakika kumi, na sina hakika kwamba aliyekosea ni yeye.

Tuling'oa nanga saa tatu u nusu. Kwa injini ni mwendo wa nusu saa hivi, lakini sisi tulikwenda kwa tanga, na upepo wa kusi ulitufikisha mlangoni mwa hori baada ya saa moja na ushei. Humo ndani tanga lilishushwa, mabaharia wakashika pondo. Jamani, kimya chake! Baada ya kelele za mabasi kutoka Mombasa hadi Mokowe, unasikia tone la maji likianguka kutoka kwenye pondo. Ndipo rafiki yangu aliponigusa bega: "Katibu, nipe maji basi." Nikageuka. Unajua yaliyofuata, sina haja ya kueleza.

Mwalimu hakunigombeza. Alimtazama nahodha, nahodha akaonyesha kidumu chake cha lita 5. "Kitatutosha kikombe kikombe," akasema, "ila mkinywa sasa hamtakuwa nacho nyakati za kurudi." Tukakubaliana kungoja.

Mji wa Takwa ulistawi kama kati ya miaka ya 1500 na 1700. Ndani ya ukuta wa mawe kulikuwa na nyumba za mawe zaidi ya 100, na kuta nyingi bado zimesimama, nyingine kimo cha mtu, huku mibuyu minene imeota katikati ya vyumba kana kwamba nayo imepangishwa. Makavazi ya Kitaifa ndiyo yanayopatunza. Mwaka 1951 James Kirkman, yule yule aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, alikuja hapa na kuufukua msikiti mkuu.

Usipite haraka kwenye nyumba. Utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, hatua tatu nne za upana, na utadhani wenyewe walikuwa wabahili wa nafasi. La hasha. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari ya mawe ikivuka upana wa kama mita mbili na nusu. Mti ndio uliopima chumba. Ukirudi Lamu uingie nyumba yoyote ya kale, utavikuta vyumba vile vile. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Hata leo huko Manda kuna watu wanaochimba mawe ya kujengea. Ni kusema mji mzima ulitoka baharini: mawe, chokaa na boriti.

Msikiti mkuu una jambo la ajabu. Juu ya ukuta wa kibla, pale penye mihrabu, imesimamishwa nguzo ndefu ya mawe. Nguzo za namna hii tumezizoea makaburini, si juu ya msikiti, ndiyo maana wengine husema chini yake amezikwa shehe. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenyewe, lenye maandishi ya mwaka wa Hijria 1094, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1680. Kaburi hilo si gofu kama yalivyo magofu mengine. Watu wa Shela, ambao wanasema wazee wao walitoka Takwa, huvuka mkondo kuja kulizuru na kuomba mvua hapo. Kwa hiyo ukifika, nyenyekea. Wenzetu wawili walitaka kuliegemea wapigwe picha. Mwalimu alikohoa mara moja tu, wakaelewa.

Kwa nini mvua? Hapo ndipo koo langu lilipokuwa kavu nikalielewa somo.

Kisiwa cha namna ile hakina mto wala chemchemi. Maji yake ya kunywa ni ya mvua. Mvua ikinyesha, maji hupenya chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukichimba kisima kifupi unayapata. Lakini tabaka lile ni jembamba. Watu wakiongezeka na kuchota kuliko mvua inavyorudisha, au mvua ikikosa miaka kadhaa, chumvi inapanda. Kisima hakikauki, hapana. Kinaendelea kuwa na maji tele, ila hayanyweki. Wataalamu wengi wanaona hivi ndivyo Takwa ilivyokwisha, kabla au karibu na mwaka 1700. Wengine wanaongeza uhasama wa Pate, mji uliokuwa na nguvu siku hizo. Mimi naona sababu hizo mbili hazigombani. Mji wenye kiu hauna nguvu ya kupigana.

Na walipohama hawakwenda mbali. Walivuka wakaenda Shela, kisiwa cha Lamu. Ukitazama Shela utaona vilima vya mchanga mweupe nyuma ya mji. Ule mchanga ndio ghala. Unanyonya mvua na kuihifadhi chini, na maji ya mji wa Lamu hadi leo yanatoka kwenye visima vya vilima hivyo. Basi ukisikia watu wa Lamu wanapinga nyumba na hoteli kujengwa juu ya mchanga ule, usidhani ni wakorofi wasiopenda maendeleo. Wanajua Takwa iko ng'ambo.

Haya yote nilielezwa nikiwa nimekaa kivulini mwa mbuyu, ulimi umegandamana na kinywa. Baadaye tukafanya kosa la pili, na hili si langu peke yangu. Nyuma ya magofu kuna njia fupi inayovuka vilima vya mchanga hadi ufuo wa bahari kuu. Nahodha alitwambia saa nane kamili tuwe mashuani. Lakini nani aone bahari ile asikae? Tulirudi saa tisa kasorobo, tukijikokota kwa kiu. Kutoka mbali tukamsikia anapaza sauti, "Ndooni! Ndooni upesi!" Mwenzetu mmoja kutoka Nyeri akageuka kunitazama: "Kumbe ulisahau na ndoo pia?" Masikini, hakujua kwamba Kiamu husema ndoo kwa njoo, kama wasemavyo nti kwa nchi na ndia kwa njia. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini, nasi tukapoteza dakika nyingine tano.

Mashua ilikuwa imekaa juu ya tope. Maji yalikuwa yanatoka horini kama yaliyofunguliwa mlango. Nahodha hakupiga kelele tena, alivua shati tu akasema, "Ingieni, wanangu." Tukaingia, tope hadi magotini, wasichana kwa wavulana, mwalimu amekunja suruali, tukasukuma hatua kwa hatua mpaka penye kina. Nilichubuka miguu yote miwili kwa mizizi. Nusu saa zaidi tungekwama mpaka usiku, tungojee maji ya pili, tukiwa na lita 5.

Alipokwisha kupumua, mzee alitusimulia kwamba sisi si wa kwanza. Katika vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, majeshi ya Pate na Mombasa yalikuja kuipiga Lamu. Yaliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao ufuoni, yalivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Wengi waliuawa pale pale. "Na wao," akasema, "walikuwa watu wa pwani."

Kisha akatugawia kikombe kimoja kimoja. Yeye hakunywa mpaka wote tulipokwisha.

Kwa hiyo ukienda: tazama mwezi, mwulize nahodha saa ya kurudi na uifuate kama kengele ya shule, vaa viatu vya kulowa, chukua kofia, na usitarajie duka wala bomba huko. Maji ya kunywa yatie mashuani kabla ya watu.

Tulifika gatini jua linazama. Dumu letu lilikuwa pale pale, mtu mwema amelisogeza kivulini mwa ukuta na kuliwekea jiwe juu ya kifuniko. Maji yalikuwa vuguvugu na yananuka plastiki. Tuliyanywa yote.