ANALALA AU ANAUGUA? KISA CHA MJUSI MWENYE NDEVU

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii nimekuwa nikiiandika katika insha zangu tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa sawasawa hadi likizo iliyopita, nilipofunzwa na mnyama asiyezidi urefu wa rula yangu. Msomaji mpenzi, keti kitako nikusimulie yaliyonikuta, kisha nikueleze nilichojifunza.

Katika likizo ndefu ya Novemba na Disemba nilibahatika kumtembelea shangazi yangu, ambaye ni muuguzi mjini Leicester, Uingereza. Shangazi ana binti wa miaka tisa. Mtoto huyu hafugi mbwa wala paka. Anafuga mjusi! Mjusi mwenyewe anakaa chumbani, ndani ya sanduku kubwa la kioo lenye taa mbili. Nilipomwona mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua tatu. Kwetu mjusi akiingia nyumbani hufukuzwa kwa ufagio. Huko ana jina, anaitwa Ndevu, na chakula chake hununuliwa dukani, nyenje walio hai ndani ya kikopo. Bwana wee, tembea uone!

Wakati huo Ndevu alikuwa na umri wa miezi mitano tu. Siku zangu za kwanza pale alikuwa mchangamfu, akiwafukuza nyenje mbio hata mtu acheke. Kisha, katikati ya Novemba, akaanza kubadilika. Akawa anajikunyata pembeni, chini ya gamba la mti, macho kayafumba. Nyenje wakimpita puani asijali. Binamu yangu akanijia: "Dada, Ndevu ana nini?"

Basi mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa, na kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari za wanyama wanaolala wakati wa baridi, nikajibu kwa madaha: "Mwache, analala. Huku ni majira ya baridi, wanyama hulala." Mtoto alikuwa na desturi ya kumpima uzito kila Jumapili kwa mizani ya jikoni na kuandika katika daftari. Nikamwambia aache hata hilo, asimsumbue mwenye usingizi. Shangazi, aliyekuwa akifanya zamu za usiku, alipoyasikia maelezo yangu akaridhika. Tukamwacha Ndevu hivyo kwa siku kumi na moja.

Sasa ndugu msomaji, jibu langu halikuwa uongo mtupu. Lilikuwa na ukweli ndani yake, na hapo ndipo ilipokuwa hatari. Hebu nieleze.

Mjusi huyu, ambaye Waingereza humwita joka lenye ndevu, asili yake ni maeneo makavu ya bara nchini Australia. Ndevu zake si nywele. Ni miiba laini iliyo kidevuni, naye akikasirika au akiogopa huivimbisha na kuigeuza rangi ikawa nyeusi. Akikomaa huweza kufikia urefu wa sentimita 45 hadi 60, na akitunzwa vyema huishi miaka kumi au hata zaidi. Australia ilikwisha kukataza biashara ya kuwasafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wanaofugwa Ulaya na Marekani wamezaliwa mikononi mwa wafugaji.

Kama watambaazi wengine, mjusi huyu hana joto lake mwenyewe. Mimi na wewe tukila ugali, mwili huutumia kutengeneza joto. Yeye joto lazima aliombe jua. Asipopata joto, viungo havina nguvu, na tumbo halisagi chakula. Kule kwao Australia, majira ya baridi yanapoingia, yaani kuanzia mwezi wa Juni hadi Agosti, mijusi waliokomaa hujificha na kupunguza shughuli zote. Hawali, hawatembei, ila mara mojamoja huamka wakanywa maji. Wataalamu huuita usingizi huo brumesheni. Mimi nitauita usingizi wa baridi. Mijusi wanaofugwa nao hushikwa na usingizi huu, ingawa wana taa za joto, na Uingereza mara nyingi huwa ni katika miezi ya mwisho wa mwaka, siku zinapokuwa fupi. Na ni fupi kweli! Disemba pale Leicester jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili, mwaka mzima, tunaweza kudhani dunia imeharibika.

Kwa hiyo usingizi wa baridi upo. Kosa langu lilikuwa nini basi? Kosa langu lilikuwa kutouliza umri. Kwa kawaida usingizi huu huwapata mijusi waliokwisha kupita mwaka mmoja. Mjusi wa miezi mitano bado anakua, na mwilini hana akiba ya mafuta ya kumvusha wiki nyingi bila chakula. Yeye akinyamaza, jambo la kwanza kufikiria si usingizi. La kwanza ni kwamba kuna kitu kimeharibika.

Siku ya kumi na mbili binamu yangu alishindwa kuvumilia. Akamtoa Ndevu, akamweka kwenye mizani, kisha akaja na daftari lake mkononi, machozi yakimlengalenga. Mara ya mwisho Ndevu alikuwa na gramu 112. Siku hiyo alikuwa na gramu 95. Nikapiga hesabu: gramu 17 zimepotea, yaani zaidi ya asilimia 15 ya mwili wake. Mjusi mzima aliyelala usingizi wa baridi hupungua uzito kidogo sana, kwa sababu mwili wake umepunguza matumizi. Huyu wetu hakuwa amelala. Alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, nami ndimi niliyesema aachwe.

Shangazi alitupeleka siku hiyohiyo kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaazi. Daktari hakuanza kwa kumshika mgonjwa. Alianza kwa maswali. Ana umri gani? Mahali anapoota joto pana nyuzi ngapi? Ile taa ndefu ina muda gani tangu inunuliwe? Alipomaliza maswali akataka kinyesi chake akakitazame kwa hadubini. Majibu yakatoka, na kila moja lilikuwa na funzo.

Kwanza, joto. Mjusi huyu anahitaji mahali pa kuotea joto penye nyuzi 38 hadi 42 hivi za selisiasi, na upande wa pili wa sanduku uwe na nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Tulikuwa tukiutegemea ule utepe wa kupimia joto uliobandikwa kwenye kioo, ambao hupima kioo wala haupimi jiwe analolalia. Tulipopima jiwe lenyewe tukakuta nyuzi 31. Taa ilikuwa ileile iliyotosha wakati wa kiangazi, lakini sasa nyumba ilikuwa baridi mchana, kwa kuwa mitambo ya kupasha nyumba joto ilizimwa watu wakitoka, ili kupunguza gharama. Mjusi aliyekosa joto hawezi kusaga chakula, kwa hiyo huacha kula. Ukimtazama utasema analala.

Pili, mwanga. Mbali na taa ya joto, anahitaji taa inayotoa miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo humwezesha kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalisiamu ya chakula haiingii mwilini, na mifupa hulainika: taya huwa teketeke, miguu hutetemeka na hata kupinda. Dirisha la kioo haliwezi kuchukua nafasi ya taa hii, kwani kioo cha kawaida huizuia miale hiyo. Na taa yenyewe hudanganya. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kutegemea aina yake, miale hupungua, ilhali taa inaendelea kuwaka kama mpya. Sanduku la Ndevu lilinunuliwa mtumba pamoja na taa zake. Umri wa taa hiyo hakuna aliyeujua!

Tatu, vimelea. Kinyesi kilionyesha koksidia wengi. Hawa ni vimelea wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huishi katika utumbo na kuudhuru. Mjusi mwenye afya huweza kuwa nao wachache asiugue, lakini mchanga aliyepigwa na baridi hulemewa. Ndiyo sababu hata mjusi mkubwa anayetaka kulala kweli hupimwa kinyesi kwanza. Kumlaza na vimelea tumboni ni kuwapa hao vimelea likizo ndefu kuliko yangu.

Daktari alitupa dawa ya kumdondoshea mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Taa zote mbili zikabadilishwa, na kipimajoto chenye waya kikawekwa juu ya jiwe. Akatuonya pia tusimlazimishe kula angali baridi, maana chakula kisichosagwa huozea tumboni. Joto kwanza, maji pili, chakula baadaye. Kwa siku nne hakuna kilichobadilika, na usiku nilikuwa nikiamka kumtazama. Siku ya tano alipanda juu ya jiwe mwenyewe. Siku ya saba akala nyenje mmoja, na binamu yangu akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nilipoondoka mwanzoni mwa Januari alikuwa na gramu 118.

Je, habari hizi zinatuhusu nini sisi wa Kenya? Zinatuhusu. Wale mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya samawati wanaoota jua juu ya miamba yetu ni wa ukoo mmoja na Ndevu. Watazame asubuhi ya baridi: wazito, hawana haraka. Jua likipanda, huwakamati! Na tafadhali usijaribu kuwakamata. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na sasa unajua pia jinsi kazi yenyewe ilivyo ngumu.

Nawe ukiwa na jamaa ughaibuni anayefuga mjusi kama huyu, akikupigia simu kusema amenyamaza, usijibu kama nilivyojibu mimi. Muulize: ana umri gani? Uzito umepungua? Umepima joto la jiwe lenyewe? Taa ina muda gani? Macho yamedidimia, anapumua mdomo wazi, au anaharisha? Kama ni mchanga, au uzito unashuka, aende kwa daktari bila kungoja. Neno "analala" lisemwe mwisho, baada ya mengine yote kuchunguzwa.

Kwa upande wangu, nilimwomba binamu yangu msamaha kabla sijapanda ndege. Yeye ndiye aliyekuwa na mizani na daftari. Mimi nilikuwa na ukubwa tu. Akanijibu, "Usijali, Dada. Lakini siku nyingine uulize." Naam, kuuliza si ujinga.