Je, Wajua? Jikoni kwa Mtoto Mwenye Mzio wa Vyakula

Je, wajua kwamba yai lililookwa ndani ya keki na yai la kukaanga vinaweza kuwa vyakula viwili tofauti kwa mwili wa mtoto? Kiasi cha watoto 70 katika kila 100 wenye mzio wa mayai hustahimili yai lililochanganywa na unga likaokwa kwa joto kali. Siri imo ndani ya ute mweupe. Protini iliyo nyingi zaidi humo, ovalbumini, huharibika umbo ikipata moto. Nyingine, ovomukoidi, haitishwi na tanuri. Mtoto ambaye mwili wake unapigana na hiyo ya pili atadhurika hata na keki iliyoiva barabara. Kwa hiyo kipande cha kwanza huliwa hospitalini, daktari akiwa karibu, wala si mezani nyumbani kwa kubahatisha.

Karanga ni kinyume chake. Zikikaangwa kavu, protini zake huungana na sukari na kuuchokoza mwili kwa ukali zaidi. Zikichemshwa, sehemu ya protini hizo huyeyukia majini. Hilo halizifanyi karanga za kuchemsha ziwe salama, lakini linaonyesha kwa nini bibi au jirani hapaswi kusema, “Mpe tu, kimepikwa hicho.” Kila chakula kina mapatano yake na moto.

Mwaka 1921, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Heinz Küstner alikuwa akidhurika kila alapo samaki aliyepikwa. Mwenzake, Carl Prausnitz, alijidunga ngozini majimaji ya damu ya Küstner. Kesho yake akajidunga dondoo la samaki mahali palepale, na ngozi ikavimba. Hivyo ikajulikana kuwa mzio husafiri ndani ya damu. Kilichousafirisha kilitambuliwa miaka ya 1960: kingamwili iitwayo IgE, iliyogunduliwa na Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko huko Marekani, na pia na watafiti wa Sweden waliofanya kazi yao kivyao.

Sasa tuje kwenye kikaangio. Kitumbua cha asili ni mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Hakina ngano, yai, maziwa ya ng’ombe wala karanga. Mzazi anayehangaika kutafuta keki ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto asiyeweza kula vitu hivyo vinne anacho tayari, na kwa maoni yangu hakuna keki ya dukani inayokishinda, kwa kuwa watoto wote waalikwa watakula kitu kilekile na kukifurahia. Ila kipike mwenyewe. Wauzaji wengine huongeza unga wa ngano ili mchanganyiko ushikamane, na mkate wa kumimina, ndugu yake wa karibu, mara nyingi hutiwa yai.

Na nazi je? Kwa miaka mingi Marekani iliiorodhesha pamoja na korosho na lozi miongoni mwa vyakula vya mzio vinavyopaswa kutajwa kwenye lebo, ikaiondoa Januari 2025. Nazi ni tunda la mnazi, na wengi wenye mzio wa korosho huila bila tatizo. Wachache hudhurika nayo, kwa hiyo uliza kwanza.

Ukitaka keki ya kuumuka bila yai, siki kidogo ikikutana na soda ya kuokea hutoa gesi inayoinua unga, na ndizi mbivu iliyopondwa huushikamanisha. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba hata maji mazito yaliyochemshiwa jamii ya kunde hupigwa yakatoa povu kama la ute wa yai. Lakini karanga nayo ni jamii ya kunde, kwa hiyo mtoto mwenye mzio wa karanga asionjeshwe dengu kabla daktari hajasema.

Wengi huambiwa, “Maziwa ya ng’ombe yakimkataa, mpe ya mbuzi.” Ushauri huu ni wa hatari. Protini za maziwa hayo mawili zinafanana mno, na zaidi ya 90 katika kila watoto 100 wenye mzio wa maziwa ya ng’ombe hudhurika na ya mbuzi pia.

Mtego mkubwa zaidi nyumbani kwetu ni uji wa lishe. Unga wake mara nyingi una karanga na soya, wakati mwingine na ngano, vyote vimesagwa pamoja hata jicho lisivione. Kisamvu na mchicha navyo huungwa kwa karanga. Hata ukinunua ulezi mtupu, mashine ya kusagia huenda imetoka kusaga karanga za mteja aliyetangulia. Ni afadhali kusaga nyumbani, kwa kinu au blenda isiyoguswa na kitu kingine.

Dawa ya kutakasa mikono, ile ya jeli, haiondoi mabaki ya karanga. Sabuni na maji ndivyo vinavyoondoa. Mafuta yaliyokaangia samaki nayo hubaki na protini za samaki, hata kama viazi vinavyofuata vinaonekana safi.

Ushauri wa madaktari nao hubadilika. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga hadi wafike miaka 3. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa London walitangaza matokeo ya watoto 640 waliokuwa katika hatari hiyo: miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili zozote za mzio wa karanga mwanzoni, waliolishwa karanga laini tangu utotoni, kwa uangalizi wa wataalamu, walipata mzio wake kwa asilimia 86 chini ya wale walionyimwa.