Kobalti yetu na maandishi ya watafiti: juu ya nini maabara za mbali zinagusa kazi ya Likasi

Bei ya kobalti ikipanda, Likasi nzima inasikia. Wachimbaji wanasikia, wenye makamyo wanasikia, hata mama anayeuza bukari karibu na mizani anasikia. Tangu mwezi wa pili wa 2025, wakati serikali iliposimamisha kupeleka kobalti inje, swali limekuwa lile lile: bei itafika wapi? Mwezi wa kumi mwaka huo, kizuizi kiligeuzwa kuwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, halafu tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo kwa 2027.

Kuna swali lingine ambalo halisikiki sana hapa kwetu. Kobalti ikikosekana sokoni ao ikiwa ghali, wale wanaoinunua wanafanya nini? Wengine wanalipa tu. Wengine wanaita watafiti wao na kuwaambia: tutafutieni namna ya kuishi bila kobalti. Watafiti wanaingia maabara, wanapima, wanaandika, wanachapisha. Hayo yalishatokea, na yalianzia hapa hapa katika jimbo letu.

Mwezi wa tano 1978, wapiganaji waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Wazee wanakumbuka: nchi iliitwa Zaïre, jimbo liliitwa Shaba, na Gécamines ndiyo ilikuwa baba na mama wa kila mtu. Zaïre ilikuwa muuzaji wa kwanza wa kobalti duniani. Uzalishaji haukusimama muda mrefu, lakini hofu peke yake ilitosha. Mwanzoni mwa 1978 ratili moja ya kobalti, yaani karibu nusu kilo, ilikuwa chini ya dola 7. Mwaka 1979 bei ya wazalishaji wenyewe ilifika dola 25, na kwenye soko huria watu walilipa zaidi ya dola 40.

Wakati ule hakukuwa na simu za mkononi sokoni wala magari ya betri kama ya leo. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa mwaka 1991 tu. Kobalti ilikuwa inaenda kwenye sumaku, kwenye vyuma vya kukatia vyuma vingine, na zaidi ya yote kwenye injini za ndege. Ndani ya injini ya jeti kuna mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi kubwa katikati ya moto. Yanatengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ambamo nikeli ndiyo nyingi, kisha kromu, kobalti na nyingine. Aloi moja inayoitwa Waspaloy ina kobalti karibu asilimia 13. Nyingine, Udimet 700, ina karibu 17.

Kwa hiyo Marekani ilishtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, shirika lao la anga, NASA, lilianzisha programu iliyoitwa COSAM katika kituo chake cha Lewis, mjini Cleveland. Swali lao lilikuwa la wazi kabisa: kobalti katika aloi hizi inafanya kazi gani hasa, na tukiipunguza nini kitaharibika?

Hapo ndipo tunaingia katika ile elimu ambayo wahandisi wanaiita tabia ya vifaa chini ya nguvu. Jina linatisha, lakini kila nyumba ya Likasi inaijua.

Chukua uzi wa chuma, uvute. Mwanzo unarefuka kidogo na ukiuachia unarudi. Ukizidisha, haurudi tena. Ukizidisha zaidi, unakatika. Maabara inafanya vile vile kwa mashine, na inaandika ni kwa nguvu gani kipande kimeacha kurudi na kwa nguvu gani kimekatika. Sasa chukua uzi ule ule, ukunje huku na huku mara nyingi. Utakatika hata kama haujauvuta kwa nguvu. Huo ndio uchovu wa metali, na umeshaangusha ndege. Kipimo cha tatu ndicho kinachohusu kobalti zaidi. Angalia zile nondo ndogo za mbabula yako. Siku ya kwanza zimenyooka. Sufuria ni ile ile kila siku, uzito haujaongezeka, lakini baada ya miezi nondo zimepinda katikati. Moto na uzito vikikaa pamoja muda mrefu, chuma kinalegea pole pole. Wahandisi wetu wanaita jambo hilo kwa Kifaransa fluage. Panga la injini ya jeti linaishi maisha ya nondo ya mbabula, ila moto wake unaweza kupita digrii 1,000, na likirefuka kidogo tu linagusa ukuta wa injini.

Watafiti wa COSAM, pamoja na wenzao wa iniversite na wa makampuni, walipika aloi zile zile lakini kila mara wakipunguza kobalti na kuweka nikeli mahali pake, mpaka wakafika kwenye aloi isiyo na kobalti hata kidogo. Kisha wakavuta, wakapasha moto, wakangojea. Majibu hayakumfurahisha kila mtu. Kwa kuvuta tu, kupunguza kobalti hakukuleta hasara kubwa. Katika aloi kadhaa ingewezekana kuondoa hata karibu nusu. Lakini kwenye kipimo cha mbabula, yaani kukaa muda mrefu kwenye moto chini ya uzito, vipande vyenye kobalti kidogo sana vilivunjika mapema.

Kwa maneno mengine, kobalti ya Katanga haikuwa mapambo. Ilikuwa na kazi, na kazi hiyo ilionekana mahali pa moto zaidi. Mahali pasipo na moto mkali sana, ingeweza kuachwa. Mpaka leo mambo yako hivyo. Aloi inayotumika kuliko zote katika injini za ndege, Inconel 718, karibu haina kobalti, lakini inafaa mpaka karibu digrii 650 tu. Kwenye mapanga ya sehemu ya moto zaidi, watengenezaji bado wanaweka kobalti, mara nyingi karibu asilimia 10.

Kwenye sumaku mambo yalienda vibaya zaidi kwa upande wetu. Kabla ya 1978 sumaku kali kuliko zote zilitengenezwa kwa samariamu na kobalti. Mnamo 1984 makundi mawili, moja la kampuni ya Sumitomo huko Japani na lingine la General Motors huko Marekani, yalichapisha habari ya sumaku mpya ya neodimiamu, chuma na boroni. Ilikuwa kali zaidi tena bila kobalti. Sehemu kubwa ya soko lile haikurudi.

Sasa, juu ya nini uchapishaji una uzito hivyo? Mtu anaweza kusema, si wangefanya siri yao tu? Siri zipo, na hati za kulinda uvumbuzi zipo. Lakini hakuna mtengenezaji wa injini atakayebadilisha panga la ndege kwa sababu mtu mmoja amesema. Anataka namba. Anataka kujua kipande kilikuwa na ukubwa gani, kilipikwa namna gani, kilipashwa moto saa ngapi, na je, mtu mwingine katika nchi nyingine akifanya vile vile atapata jibu lile lile? Ndio maana makala ya utafiti inaandikwa kwa ukavu ule unaotuchosha. Ukavu huo ndio unaomwezesha mwingine kurudia kipimo. Mtafiti anatuma makala kwa jarida, jarida linawapa watu wawili ao watatu wa fani ile ile waisome bila kulipwa, wanauliza maswali, wanarudisha, mwandishi anasahihisha. Inaweza kuchukua miezi mingi. Watu wa aloi za moto wana hata mkutano wao, Superalloys, ulioanza 1968 kule Pennsylvania na unaorudi kila miaka minne, na maandishi yake yanatoka kama kitabu. Kwa kweli, watu wachache wanaokutana pale wanagusa maisha ya Shituru na Panda kuliko wanavyojua wenyewe.

Tusifikiri lakini kwamba utafiti kila siku unafunga mlango. Mara nyingine unafungua. Mwaka 1923, mjini Berlin, Karl Schröter alipata namna ya kuunganisha punje ngumu za kabaidi ya tungsteni kwa kutumia kobalti. Ni kama matofali na simenti: punje ndizo matofali, kobalti ndiyo simenti. Simenti ikiwa kidogo, kifaa ni kigumu sana lakini kinapasuka kikipigwa. Simenti ikizidi, hakipasuki lakini kinalika upesi. Fundi anachagua. Kampuni ya Krupp iliuza kitu hicho kwa jina la Widia, maana yake kwa Kijerumani ni "kama almasi". Meno ya vyuma vinavyotoboa mwamba migodini leo, na vile vipande vidogo ambavyo fundi mkereza vyuma anafunga kwenye mashine yake, ni watoto wa utafiti ule. Kobalti inatoka Katanga, inazunguka dunia, inarudi kutoboa udongo ule ule. Tunainunua mara ya pili, na si kwa bei tuliyoiuzia.

Na mwaka 2006, watafiti wa Iniversite ya Tohoku, Japani, walichapisha katika jarida la Science makala fupi kuhusu aloi ambamo kobalti si kiungo tena bali ndiyo nyingi kuliko zote, pamoja na aluminiamu na tungsteni. Walionyesha kwamba ndani yake zinajipanga chembe ndogo ndogo zinazozuia metali isilegee kwenye moto, jambo ambalo watu walizoea kuliona katika nikeli. Makala hiyo moja ilizaa nyingine nyingi, na kazi inaendelea. Kama aloi hizo zitafika siku moja kwenye injini, kobalti itapata soko jipya. Bado hazijachukua nafasi ya nikeli.

Ukiangalia majina ya walioandika yote hayo, hakuna wa kwetu. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Kupima fluage kunataka tanuru linaloshika joto lile lile saa elfu moja bila kuzimika, na kila mtu Likasi anajua habari ya umeme. Hata hivyo, Université de Lubumbashi ina kitivo cha polytechnique kinachofundisha mambo ya metali, Likasi nayo ina iniversite yake, na si kila kipimo kinataka tanuru la mamilioni. Kuvuta kipande, kupima ugumu kwa kukandamiza, kubonyeza kitofali cha simenti mpaka kipasuke ili kujua kama kinafaa kujengea nyumba ya ghorofa: mashine za kazi hizo ni za kawaida, na matokeo ya nondo na simenti zinazouzwa kwenye soko letu yangesomwa na watu wengi hapa.

Vijana wanaotuuliza wanataja vizuizi viwili. Cha kwanza ni kusoma: unafungua makala kwenye simu, unaombwa dola 30 ao 40. Ripoti nyingi za NASA, pamoja na zile za COSAM, zinasomwa bure na mtu yeyote. Kwa majarida yanayolipiwa, kuna mpango unaoitwa Research4Life, unaoungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambao unafungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida mengi bila malipo. Lakini anayejiandikisha ni chuo, si mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumuuliza ni msimamizi wa maktaba ya chuo chako: tumejiandikisha? Namba ya siri iko kwa nani?

Kizuizi cha pili ni kuchapisha. Hapa kuwa na macho. Mwasistanti anayetafuta kupanda cheo anapokea barua pepe tamu: tuma makala leo, lipa dola mia kadhaa, itatoka baada ya siku tatu. Siku tatu haziwatoshi watu wawili kusoma na kuuliza maswali, maana yake hakuna aliyesoma. Makala ya namna hiyo haitajwi na mtu, na kesho inaweza kukuharibia jina. Majarida ya kweli yaliyo wazi kwa wasomaji nayo yanadai malipo kwa mwandishi, mara nyingine zaidi ya dola elfu mbili, lakini wachapishaji wengi wakubwa wanaweza kuwasamehe waandishi wanaotoka nchi kama Kongo. Sharti moja linawaponyoka wengi: ombi la kusamehewa linawekwa siku ile ile ya kutuma makala, si baada ya kukubaliwa.