Mtambo wa tepu ukigoma: Yakague haya kabla ya kununua mwingine

KATIKA mji wa Laare, Igembe Kaskazini, mzigo wa miraa hauna subira. Ikishachumwa, hufungwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa garini upesi, kwani baada ya siku chache thamani yake huwa imekwisha. Lakini kuna kitu kimoja katika biashara hiyo ambacho sharti kidumu kwa miaka: rekodi za nani amelipwa na nani angali anadai.

Soko la Somalia lilipofungiwa miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, aliyekuwa akidai wateja wa huko alihitaji hesabu za zaidi ya miaka miwili nyuma. Isitoshe, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi kuhifadhi rekodi zake kwa miaka 5.

Siku hizi hesabu nyingi zimo ndani ya tarakilishi. Baadhi ya ofisi zenye seva, ziwe za vyama vya akiba na mikopo, hospitali au maduka ya jumla, huweka nakala za akiba kwenye tepu, yaani ukanda mrefu wa sumaku uliozungushwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Mtambo unaoandika tepu hiyo hufanya kazi usiku, watu wakiwa wamelala. Ukianza kuharibika, aghalabu hakuna anayetambua hadi siku diski ya seva itakapokufa.

Huenda msomaji akauliza kama tepu si jambo la kale. La hasha. Mnamo Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, kampuni ya Google ilizirejesha kutoka kwenye tepu. Tepu iliyotolewa mtamboni na kuwekwa kabatini haiwezi kufikiwa na virusi wala na wahalifu wanaofunga mafaili na kudai fidia.

Mtambo ukigoma, usikimbilie kununua mwingine. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, soma kabla ya kugusa. Andika ujumbe wa hitilafu ulio kwenye skrini, taa iliyowaka na tarehe ya mwisho ambapo nakala ilikamilika. Tarehe hiyo itakuonyesha ni siku ngapi za kazi zilizo hatarini. Leo hii hii, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje ili ofisi isikae bila akiba mtambo ukitengenezwa.

Pili, badilisha tepu. Tepu huchakaa kwa kutumiwa mara nyingi, na vumbi au joto huiharibu mapema. Tumia tepu mpya kwa jaribio. Kamwe usijaribie mtambo mgonjwa kwa tepu yenye nakala yako ya pekee, kwani unaweza kuikata. Tazama pia kile kitufe kidogo kilicho kwenye kisanduku: kikiwa upande wa kuzuia maandishi, mtambo hautaandika lolote hata ukiwa mzima.

Tatu, safisha. Kuna tepu maalumu ya kusafishia kichwa cha kusomea na kuandikia. Mitambo mingi huwasha taa au kuonyesha herufi C inapohitaji kusafishwa. Tepu hiyo ina idadi ya matumizi, kwa kawaida isiyozidi mara 50, na ikiisha muda haisafishi tena. Usitumie pamba wala dawa ya kupuliza, na usisafishe kila siku, kwani kusugua kupita kiasi hula kichwa chenyewe.

Nne, kagua njia ya data. Zima seva na mtambo, kisha chomoa kebo na kuirudisha kwa uthabiti. Katika mitambo ya zamani ya SCSI, kila kifaa sharti kiwe na nambari yake, na mwisho wa kebo uwe na kizibo chake. Washa mtambo kabla ya seva, kisha uangalie kama seva inautambua. Ikiwa inautambua lakini programu ya nakala haiuoni, kosa huenda limo kwenye programu, hasa ikiwa seva iliongezewa masasisho karibuni.

Tepu ikikwama ndani, usiivute kwa koleo. Zima mtambo, uwashe, usubiri ujipange, kisha ubonyeze kitufe cha kutolea. Ikikataa, mwite fundi.

Ikiwa tepu mpya, usafi na kebo nzuri havikusaidia, basi mtambo umefika mwisho. Hapo ndipo wengi hukosea: hununua mtambo wa kisasa zaidi, kisha wakagundua kuwa hausomi tepu zao za zamani.

Kwa tepu za LTO, zilizoingia sokoni mwaka 2000, kanuni ni hii. Hadi kizazi cha 7, mtambo husoma tepu za kizazi chake na za vizazi viwili vilivyotangulia, lakini huandika kizazi kimoja tu nyuma. Cha 8, kilichotoka mwaka 2017, husoma tepu za kizazi cha 7 na cha 8 pekee. Cha 9 husoma za cha 8 na cha 9. Kwa hivyo mwenye kabati lililojaa tepu za kizazi cha 5 atafute mtambo wa kizazi cha 5, 6 au 7. Ahakikishe pia kuwa seva yake ina kadi inayolingana na kebo ya mtambo huo.

Mtambo mpya ukishafungwa, rejesha faili moja kutoka tepu ya zamani na nyingine kutoka tepu iliyoandikwa jana, kisha uyafungue yote mawili. Kuna mtambo uliochakaa ambao huandika tepu zinazosomeka kwake wenyewe tu. Hilo hujulikana kwa kujaribu. Usiutupe wa zamani kabla ya jaribio hilo kufaulu.

Mwisho, peleka tepu moja katika jengo jingine. Bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi liliporomosha jumba la Ufundi na kuharibu vibaya jumba la Co-operative lililokuwa karibu. Tepu iliyo juu ya seva huangamia pamoja na seva.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya tarakilishi huoza, na huoza kimyakimya. Anayeijaribu kila mwezi ndiye atakayeikuta siku ya haja.