Wanawake Wanasayansi na Tiba Nano: Kazi Yao na Maneno Yetu

Makala hii inakusudia kueleza maana ya tiba nano, mchango wa wanawake wanasayansi katika utafiti wake, na wajibu unaotuangukia sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Kutoka hapa Kiyovu, Koleji ya Sayansi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda iko umbali wa kutembea kwa miguu. Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha, Februari 2017, sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, si haki tena kuiachia sayansi lugha nyingine.

Maana ya neno

Neno "nano" lina asili ya Kigiriki na maana yake ni mbilikimo. Katika vipimo, mita moja ina nanomita bilioni moja. Unene wa unywele wa binadamu ni nanomita 80,000 hivi, ilhali chembe zinazotengenezwa ili kubeba dawa huwa na upana wa nanomita mia moja au mia chache tu.

Wanafunzi wengine huelekea kutafsiri dhana hii kuwa "dawa ndogo". Tafsiri hiyo inapotosha, kwani msikilizaji ataelewa dawa isiyo na nguvu, au dozi iliyopunguzwa. Kilicho kidogo ni chombo kinachobeba dawa. Mfano wa karibu ni agaseke, kikapu chetu chenye kifuniko: zawadi hutiwa ndani, hufunikwa, hubebwa, na hufunuliwa ikishafika kwa mwenyewe.

Hulda Swai na kifua kikuu

Miongoni mwa walioanzisha utafiti huu barani Afrika ni Profesa Hulda Swai, Mtanzania aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda (CSIR) mjini Pretoria, Afrika Kusini. Tatizo aliloshughulikia linajulikana katika kila kituo cha afya cha Afrika Mashariki. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi minne. Mgonjwa hupata nafuu mapema, huchoshwa na vidonge na madhara yake, kisha huacha. Bakteria waliosalia huweza kuwa sugu, na ugonjwa unaorudi huwa mgumu zaidi kutibu.

Swai na wenzake walifikiri hivi: dawa ikifungwa ndani ya chembe za polima inayoyeyuka mwilini polepole, itatoka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hapo mgonjwa angeweza kumeza dawa mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Kuna faida nyingine pia. Bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vitu vigeni, na seli hizohizo humeza chembe nano. Kwa hiyo dawa huingia katika maficho ya adui kwa mlango uleule.

Wazo hilo lilihitaji kuthibitishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2010 timu hiyo ilichapisha matokeo ya majaribio kwa panya, na mwandishi wa kwanza alikuwa mwanamke mwingine, Boitumelo Semete. Walitaka kujua chembe zikimezwa huenda wapi, na kama zinadhuru. Sehemu kubwa zaidi ilikutwa kwenye ini, na uchunguzi wa viungo haukuonyesha uharibifu. Mwaka 2020 Dkt. Semete-Makokotlela, kama anavyoitwa sasa, alianza kuiongoza mamlaka ya kudhibiti dawa ya Afrika Kusini. Mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulimtunuku Profesa Swai, aliyekuwa amerudi nyumbani kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, Tuzo ya Kwame Nkrumah ya umahiri wa kisayansi.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Kidonge cha chembe nano cha kutibu kifua kikuu mara moja kwa wiki bado hakijawafikia wagonjwa. Safari ya dawa kutoka kwa panya hadi kwa binadamu ni ndefu na ina gharama kubwa.

Chembe zilizokwisha kutufikia

Lakini aina nyingine ya chembe nano ilifika Kigali Machi 2021, ndani ya chanjo ya Pfizer na BioNTech dhidi ya UVIKO-19. Kiini cha chanjo hiyo, yaani mRNA, huvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo hufungwa katika chembe za mafuta zenye upana wa nanomita 100 hivi. Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungaria aliyeshushwa cheo chuoni Marekani mwaka 1995 akiishughulikia mRNA, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2023 pamoja na Drew Weissman kwa kugundua namna ya kuibadili ili mwili usiishambulie.

Wakati huohuo uvumi ulienea kwamba chanjo ina mtambo mdogo wa kufuatilia watu. Neno geni lisilofafanuliwa huacha pengo, na uvumi hulijaza.

Kazi yetu

Tunapendekeza "chembe nano" kwa kile chombo, "kufungia dawa" kwa kitendo cha kuitia ndani, na "kuachia dawa polepole" kwa kinachofuata. Mwalimu anaweza kutoa zoezi hili: mwanafunzi amweleze mgonjwa wa kifua kikuu, kwa sentensi tano na bila kutumia neno "nano", jinsi dawa ya namna hii inavyofanya kazi. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika majaribio hutia sahihi yake kwenye karatasi. Anapaswa kwanza kuelewa anachokikubali.