Chura wa Miwa na Kenge wa Australia

Wasomaji wetu wakulima wajua uchungu wa kuona shamba likiliwa na wadudu. Katika jimbo la Queensland, nchi ya Australia, wakulima wa miwa walikuwa na adui wa namna hiyo, yaani dundu ambao funza wao hukaa udongoni wakila mizizi. Mwaka 1935 wataalamu walileta kutoka visiwa vya Hawaii vyura wakubwa wapatao mia moja, wakawazalisha, kisha wakawaachilia mashambani ili wawale dundu hao.

Shauri lile halikufaa. Dundu walikaa juu kwenye majani ya miwa, chura asiwafikie; na funza walikuwa ndani ya udongo, asiwaone. Walakini chura mwenyewe alistawi mno, maana jike mmoja aweza kutaga mayai hata 30,000 kwa mara moja. Tena ana sumu katika matezi nyuma ya kichwa, na Australia haikuwa na chura wa jamii yake tangu asili, hivyo wanyama wa huko hawakuijua hatari yake. Kenge amkamataye chura mkubwa hufa upesi, pengine chura yungali kinywani mwake. Vyura wakaenea mwaka hata mwaka kuelekea magharibi, na kila walikofika kenge wakubwa walipungua sana.

Sasa wataalamu walitambua ya kuwa vyura wanaotangulia ni wale wakubwa wenye nguvu za kusafiri. Basi chura wa kwanza kukutana na kenge ndiye wa kumwua, wala kenge hapati nafasi ya kujifunza. Lakini chura mdogo ana sumu kidogo: amlaye huugua na kutapika, kisha hupona, na tangu siku ile hamtaki chura tena. Kwa hiyo katika nchi ya Kimberley, wakishirikiana na Wabunuba, wenyeji wa asili wa huko, walipeleka mayai, viluwiluwi na vyura wadogo mahali ambapo wale wakubwa walikuwa hawajafika. Twakiri ya kuwa tulipoisoma habari hii kwanza tulidhani ni mzaha, mtu kumtanguliza adui kwa mikono yake mwenyewe!

Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Mahali palipopelekwa vyura wadogo, kenge waliendelea kuwako hata baada ya wakubwa kufika. Mahali pasipopelekwa, walikaribia kwisha kabisa. Vyura hawakuondolewa kwa kazi hiyo, na hata leo wanazidi kusonga mbele.